Kabla ya Kubadilisha Spika: Mikwaruzo ya Sauti katika Kompyuta Mpakato Inazaliwa Wapi

Mwezi wa Julai, wakati mashine za kupulizia salfa zinaponguruma alfajiri katika mikorosho kuanzia Nanyamba hadi Tandahimba, karani mmoja wa chama cha msingi cha ushirika alinijia hapa Mtwara mjini na kompyuta mpakato yake begani. Sauti ya kompyuta hiyo ilikuwa inatatarika kama chumvi iliyomwagwa motoni. Kwa tatizo hilo alikuwa amekwisha kubadilishiwa spika mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti, na mara zote mbili alirudi nyumbani na mikwaruzo ileile. Aliniuliza kwa upole, "Fundi, hakuna spika imara kuliko hizi?" Nilimwomba azime Wi-Fi, kisha aucheze tena wimbo uleule. Mikwaruzo ikakoma palepale, na alipoiwasha Wi-Fi ikarudi.

Fedha aliyolipa mara mbili ilikwenda kununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Ninataka mwenye kompyuta aweze kujua, kabla hajatoa hata shilingi, mikwaruzo anayoisikia inazaliwa sehemu gani ya mashine yake.

Kompyuta haina sauti ndani yake, ina namba. Kipaza sauti kinapopokea sauti ya mwimbaji, mtikisiko wa hewa hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo, ambacho wataalamu hukiita sampuli, huandikwa kama namba. Sikio zima la binadamu husikia masafa yanayofika takribani hezi 20,000, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na hisabati inadai kwamba wimbi lipimwe zaidi ya mara mbili ya masafa yake ili linakiliwe bila kupotea. Ndiyo maana santuri za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, ziliwekewa sampuli 44,100 kwa sekunde, na video nyingi za leo hutumia 48,000. Unapobonyeza kitufe cha kucheza, namba hizo hutoka kwenye diski au kwenye intaneti, hupita kwenye kumbukumbu na prosesa, huingia kwenye chipu ya sauti inayozigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, umeme huo hukuzwa na amplifaya ndogo, kisha hufika kwenye koili ya spika iliyokaa katikati ya sumaku, na koili ikicheza husukuma utando mwembamba unaotikisa hewa.

Safari hiyo ni ndefu na inaweza kuharibika popote: namba zikachelewa, au zikazidi kipimo, au umeme uliozibeba ukachafuliwa, au kile kinachotikisa hewa kikaumia. Sikio halitofautishi. Yote hayo huyaita kukwaruza, na fundi mwenye haraka hukimbilia spika kwa sababu ndiyo pekee anayoweza kuiona kwa macho.

Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa kuangalia mikwaruzo inakuja wakati gani. Chomeka hedifoni za waya usikilize wimbo uleule. Zikikwaruza nazo, spika huenda haina hatia hata kidogo, na tafuta chanzo mahali pengine. Zikitoa sauti safi, lawama zinarudi kwa spika, waya wake au amplifaya yake. Chomoa chaja, usikilize kwa betri peke yake. Rudisha wimbo nyuma sekunde kumi: mikwaruzo ikitokea kila mara kwenye neno lilelile, basi kosa limo ndani ya faili au sauti imezidishwa, lakini ikihamahama, leo kwenye ubeti, kesho kwenye kiitikio, namba zinachelewa. Bonyeza taratibu kwa vidole pembeni mwa spika wakati inalia; sauti ikibadilika, kuna kitu kimelegea au kimeingia. Majaribio haya hayahitaji bisibisi wala ada ya fundi, na katika uzoefu wangu ndiyo yanayotatua sehemu kubwa ya kazi.

Namba zinapochelewa

Hapa ndipo penye kutoeleweka zaidi, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa sababu karani yule na wengi kama yeye waliumia hapa.

Mkazi wa Newala, au wa mahali popote juu ya uwanda wa Makonde ambako maji hupandishwa kutoka mabondeni, analijua jambo hili bila kufundishwa. Mtu ana tangi juu ya paa. Maji huingia kwa vipindi, lakini bomba la jikoni hutiririka bila kukatika kwa sababu tangi linafidia pengo kati ya ujazaji mmoja na mwingine. Siku mjazaji anapochelewa, tangi hukauka, na bomba huanza kukohoa, likitema maji kidogo, hewa, kisha maji tena. Maji yenyewe ni yaleyale masafi, na bomba ni zima. Kilichokosekana ni kuwahi.

Kompyuta nayo ina tangi lake, linaloitwa bafa. Katika Windows, kwa kawaida, sauti hujazwa ndani ya bafa kwa vipande vya milisekunde 10, ambavyo kwa kasi ya 48,000 ni sampuli 480 kila kipande. Maana yake ni kwamba mara mia moja kila sekunde ni lazima prosesa iache kazi zake, ilete kipande kipya, kisha irudi ilikotoka. Ikichelewa kidogo tu, chipu ya sauti hukuta bafa tupu, wimbi hukatika ghafla katikati ya mpando wake, na mkatiko huo wa ghafla sikio huusikia kama mlipuko mdogo. Mikatiko michache kwa sekunde huitwa kukwaruza. Ikiwa mingi, huwa ni kutatarika.

Sasa, ni nani anayeichelewesha prosesa? Mara nyingi si programu unazoziona kwenye kioo. Kila kifaa ndani ya mashine, kuanzia kadi ya Wi-Fi hadi kadi ya picha, betri na diski, kina programu yake ndogo iitwayo draiva, na kifaa kinapohitaji huduma huigongea prosesa mlango, nayo hukihudumia kabla ya kazi nyingine. Draiva iliyoandikwa vizuri huingia na kutoka mara moja. Iliyoandikwa vibaya, au iliyopitwa na wakati, au inayohudumia kifaa kinachoelekea kufa, huishikilia prosesa kwa milisekunde nyingi, na foleni yote ya nyuma, sauti ikiwamo, husubiri. Barua pepe ikichelewa milisekunde 30 hakuna anayejua. Sauti ikichelewa kiasi hicho, chumba kizima kinasikia. Hii ndiyo sababu kompyuta yenye nguvu kubwa inaweza kukwaruza wakati ya jirani, dhaifu na ya zamani, inaimba vizuri: swali si mashine inafanya kazi nyingi kiasi gani, ni kama inawahi kila inapohitajika.

Ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon ambayo imekusudiwa kazi hii hasa. Iwashe, iache dakika kumi huku wimbo ukicheza, kisha isome inakutajia faili gani la draiva lililochelewesha zaidi. Ikitaja ndis.sys, angalia kadi ya mtandao, hasa Wi-Fi. Ikitaja nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya Nvidia. Ikitaja ACPI.sys, mara nyingi mambo yanahusu usimamizi wa umeme na betri, na nimewahi kukutana na betri iliyochoka ambayo mashine ilikuwa inaihoji hali yake kila baada ya sekunde chache, na kila hojaji ikaleta mlipuko mmoja kwenye spika. Asiyetaka kusakinisha chochote anaweza kuzima vifaa kimoja kimoja: Wi-Fi kwanza, kisha Bluetooth, kisha kuchomoa kila kilichochomekwa kwenye matundu ya USB, na kusikiliza baada ya kila hatua.

Mkosaji akijulikana, tiba ya kwanza ni kumletea draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya mashine. Nawasihi wasomaji wajiepushe na programu zinazodai kutafuta na kusasisha draiva zote kwa mpigo. Nyingi huja na matangazo, nyingine huja na mabaya zaidi, na humaliza kifurushi cha intaneti cha mtu bila faida. Kwa karani wetu, draiva ya Wi-Fi ilikuwa ileile iliyokuja na mashine miaka mingi iliyopita. Tuliibadilisha, tukawasha upya, na Wi-Fi pamoja na wimbo vikakaa nyumba moja kwa amani.

Kama mkosaji ni draiva ya sauti yenyewe, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Windows ina draiva yake ya jumla ya sauti, na mara kadhaa hiyo ya jumla hufanya kazi kwa utulivu kuliko ile ya mtengenezaji iliyojaa nyongeza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, ufungue orodha ya vifaa vya sauti, uchague kusasisha draiva kwa kuchagua mwenyewe kutoka zile zilizomo ndani ya kompyuta, na uchukue ile ya jumla. Ikiwa mambo yataharibika, palepale pana kitufe cha kurudisha draiva ya zamani. Kwa njia hiyohiyo, ukiandika mmsys.cpl utafungua dirisha la sauti. Ingia kwenye sifa za spika, zima viboreshaji vyote, na kwenye sehemu ya muundo uchague sampuli 48,000 kwa biti 16 au 24 (biti ni tarakimu zinazoandika ukubwa wa kila sampuli). Wapo wanaochagua 192,000 wakiamini namba kubwa ni sauti bora. Kwa spika ndogo za mpakato faida hiyo haisikiki, bali prosesa huongezewa mzigo mara nne wa namba za kusafirisha.

Joto nalo linachelewesha. Mashine inayochemka hujipunguzia kasi ili isiungue, na katika mchana wa Februari hapa Mtwara, juu ya kitanda chenye godoro linaloziba matundu ya hewa, feni iliyojaa vumbi haiwezi kushinda. Mashine ikikwaruza baada ya nusu saa ya kazi na kupona ikipumzishwa, safisha feni kabla ya kitu kingine chochote. Vilevile mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, ikifunguliwa kurasa ishirini za intaneti, hulazimika kuhamishia data kwenye diski na kuirudisha, na kila safari ya diski ni ucheleweshaji. Hapo kuongeza kumbukumbu au kuweka diski ya SSD huponya sauti na mengine mengi kwa pamoja.

Mlio mmoja tu, tap, unaosikika kabla ya sauti kuanza na mwingine baada ya kunyamaza, ni jambo tofauti na halina madhara: chipu ya sauti inalazwa ili kuokoa betri, na huo ni mlio wa kuamka na kulala. Kwa watumiaji wa Linux, kuzima uokoaji umeme wa moduli ya snd_hda_intel humaliza shauri hilo.

Namba zinapozidi kipimo

Katika biti 16 kuna ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti, na juu ya ngazi ya mwisho hakuna nyingine. Programu ikiambiwa ipaze sauti hadi asilimia 125 au 200, kama VLC inavyoruhusu, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa kama kichuguu kilichokatwa kwa jembe, na ubapa huo husikika kama ukali na mpasuko. Singeli na nyimbo nyingi za sasa zimerekodiwa tayari zikiwa karibu na ukingo, hivyo hazina nafasi ya kupandishwa. Rudisha sauti ya programu chini ya mia, upandishe ile ya mfumo. Ikiwa haitoshi kwa ukumbi, kinachohitajika ni spika ya nje, kwa sababu spika za ndani za mpakato ni za wati 2 hivi kila moja na hakuna mpangilio utakaozigeuza kuwa nyingine. Kulazimishwa kwa muda mrefu ndiko kunakounguza koili zake, na hapo tatizo la namba huwa limezaa tatizo la mwili.

Chumvi, salfa na mchanga

Sasa tufike kwenye mwili wa mashine, na hapa mikoa yetu ina mambo yake ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi hayayataji.

La kwanza ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba matone madogo ya maji ya bahari, na yakikauka huacha chumvi juu ya kila kitu, jambo linaloonekana wazi kwenye mabati na vitasa vya nyumba za Mikindani, Shangani na Lindi mjini. Chumvi kavu haina ubaya mkubwa kwa umeme, ila ina tabia moja: unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, huanza kunyonya maji ya hewani mpaka inageuka tone la maji chumvi. Pwani yetu huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Kwa hiyo kwenye viunganishi vidogo vya shaba ndani ya kompyuta, kila usiku chumvi inalowa na kula, kila mchana inakauka, na baada ya miezi kadhaa mahali ambapo waya wa spika unaingia kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, panaota ukijani. Umeme wa sauti ukipita hapo, unapita kwa kurukaruka. Dalili yake ni mikwaruzo inayobadilika mtu anapoinua mashine au anapobadilisha mkao, na iliyo mikali zaidi asubuhi kuliko adhuhuri.

La pili ni salfa, nami naomba wakulima wanisikilize hapa. Kuanzia karibu Juni mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga huo ni mwepesi, unaingia kila penye upenyo. Salfa hushambulia shaba na fedha hata bila moto. Ni weusi uleule unaoonekana kwenye pete ya fedha iliyokaa muda mrefu. Kijana mmoja wa Newala aliniletea mashine iliyolala msimu mzima katika chumba kimoja na mifuko ya salfa, na ndani ya tundu la hedifoni vibati vya mgusano vilikuwa vimekuwa vyeusi kabisa. Hedifoni zilikuwa zikikwaruza kila plagi ilipozungushwa, na kibaya zaidi, kile kibati kinachoijulisha kompyuta kwamba hedifoni zimechomekwa kilikuwa kinagusa na kuachia, hivyo spika zikawa zinazimwa na kuwashwa mara kadhaa kwa sekunde. Yeye aliamini mashine ina virusi. Mashine isiwekwe chumba kimoja na salfa, hata kama mifuko imefungwa, na iliyokwenda shambani msimu wa kupulizia irudi imefungwa kwenye nailoni.

Mchanga na chembe za chuma ni jambo rahisi zaidi. Spika ina sumaku, na sumaku huvuta vumbi la chuma. Chembe moja iliyokaa juu ya utando hutosha kutoa mlio kama wa karatasi. Njia nzuri ya kuitambua ni kucheza sauti moja tupu inayopanda polepole kutoka masafa ya chini hadi ya juu, aina ya sauti zinazopatikana bure kwenye intaneti. Mikwaruzo ikijitokeza kwenye masafa fulani tu na kupotea yanapopita, kitu kinatikisika: chembe, skrubu iliyolegea, au utando uliochanika.

Kusafisha kunahitaji subira kuliko vifaa. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko kwa kadi ya plastiki badala ya bisibisi ili usikwaruze wala kutoboa betri, kisha chomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kingine chochote. Kwa chumvi tumia spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi na mswaki laini, ukisugua kiunganishi na kukiacha kikauke. Spiriti yenye maji mengi huacha maji palepale ulipotaka kuyaondoa, na thina inayouzwa madukani ya rangi huyeyusha plastiki, kwa hiyo zote mbili ziachwe. Weusi wa salfa hautoki kwa spiriti peke yake. Unataka kusuguliwa taratibu, na ukiwa umekula sana, tundu lenyewe libadilishwe. Chembe za chuma hutolewa kwa kipande cha gundi laini ya kubandikia picha ukutani, kwa kugusa juu juu bila kubonyeza utando. Na kompyuta iliyolowa isifukiwe kwenye mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya mashine, lakini unga wake huingia kwenye matundu na kuwa uji.

Ikiwa bado unaishuku spika, ipime kabla ya kununua nyingine. Ichomoe kwenye mazabodi, weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), ugusishe ncha kwenye waya zake mbili. Spika ya omu 4 itasoma pungufu kidogo ya 4, ya omu 8 pungufu kidogo ya 8. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma namba inayorukaruka unapobonyeza utando kwa upole, koili au nyuzi zake zinaelekea kukatika, na hapo, kwa mara ya kwanza, ninakubaliana na yule anayetaka kuibadilisha.

Umeme wa ukutani

Mikwaruzo inayoambatana na mvumo mzito usiokatika, iliyopo chaja ikiwa imechomekwa na inayotoweka ukiichomoa, haihusiani na spika wala draiva. Umeme wetu ni volti 230 unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ni hizo hezi 50 na 100 zikipenya njia ya sauti. Hujitokeza hasa kompyuta inapounganishwa na mikisa au amplifaya, katika kumbi za harusi, makanisani na kwenye vibanda umiza. Kompyuta imechomekwa soketi moja, amplifaya soketi nyingine upande wa pili wa ukumbi, kila moja ina waya wake wa ethi, yaani ule wa usalama unaoelekea ardhini, na kati ya ethi hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti ambayo hupata njia ya kusawazika kupitia waya wa sauti. Tiba ya kwanza ni kuchomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, tumia transfoma ndogo ya kutenganisha inayochomekwa katikati ya waya wa sauti; ni kifaa cha bei ndogo na hakihitaji umeme wake.

Nimeona mafundi wa muziki wakitatua jambo hili kwa kukata waya wa ethi au kuvunja ile pini ndefu ya juu ya plagi. Mvumo hukoma kweli, na pamoja nao hukoma ulinzi wa mtu atakayeshika kipaza sauti cha chuma siku amplifaya itakapovujisha. Jambo hilo lisifanyike kamwe, hata kwa usiku mmoja.

Chaja zenye pini mbili zisizo na ethi zina lake dogo: kondensa ndani yake huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye mwili wa kompyuta, nao ndio mwasho anaousikia mtu mkononi akiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Kwa chaja halisi kiasi hicho ni kidogo mno kumdhuru mtu, ingawa huweza kuleta mvumo kwenye hedifoni. Kwa chaja bandia, ambazo sokoni hazikosekani, siwezi kumwahidi mtu usalama huo, na namshauri azibadilishe.

Sauti inayokuja bila waya

Hedifoni za Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya Wi-Fi nyingi, na vifaa vya USB 3.0 navyo hutoa kelele katika masafa hayohayo. Hamisha flashi au diski ya nje iende tundu la upande wa pili, au tumia Wi-Fi ya gigahezi 5 ikiwapo, na mara nyingi huo ndio mwisho wa tatizo. Sauti ikigeuka ghafla kuwa kama ya simu ya zamani mara tu mkutano wa mtandaoni unapoanza, hakuna kilichoharibika: hedifoni zimehamia hali ya mazungumzo ili kipaza sauti chake kifanye kazi, na hali hiyo hubana sauti. Chagua kipaza sauti cha kompyuta yenyewe, na hedifoni zitarudi kwenye ubora wake.

Kukatika kwa sauti katika mkutano wa mtandaoni pekee, wakati wimbo uliohifadhiwa kwenye diski unacheza vizuri, ni suala la mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Watanzania wengi walisikia sauti za wenzao zikikatakata, na hakuna draiva duniani ambayo ingewasaidia siku ile.

Baada ya yote hayo hubaki mashine chache ambazo chipu ya sauti au amplifaya yake kwenye mazabodi imekufa kweli. Kuibadilisha chipu hiyo ni kazi ya joto kali na mkono uliozoea, na kwa mashine ya umri mkubwa gharama yake haina uwiano na thamani ya mashine. Ninachowashauri wateja wangu ni kununua kadi ndogo ya sauti ya USB, ambayo ina chipu na amplifaya yake yenyewe na haipiti kabisa kwenye ile iliyokufa. Iazime kwanza kwa rafiki uijaribu. Sauti ikitoka safi, nunua yako na uendelee na kazi. Ikikwaruza hata hiyo, basi chipu ya ndani ilikuwa inasingiziwa, na tunarudi kuitafuta draiva inayochelewesha.